Zamu ya Idi kwenye Dishi la Manda

Siku yangu ya kwanza kazini tulikuwa sita kituoni. Alikuwapo Mhandisi Mkuu, Mzungu mrefu wa kaptura na soksi za kufika magotini. Alikuwapo Bwana Mutua, fundi mkuu, mtu wa Machakos, aliyekuwa na amri juu ya kila kitu chenye nati. Bwana Odera, mpishi, alikuwa jikoni akigombana na kuni mbichi. Konstebo Rotich alikuwa langoni na bunduki yake. Lali wa Shela, kibarua aliyetuzidi sote umri, alikuwa akivuta dizeli kutoka kwenye pipa. Wa sita nilikuwa mimi, Shee, mtoto wa mtaa wa Langoni mjini Lamu, nimesimama na viatu mkononi kwa sababu nilishuka kutoka mashuani majini. Nimewataja wote kwa kuwa kila mmoja ana fungu lake katika habari hii.

Ilikuwa miaka ya sitini, bendera mpya haijapauka bado. Wageni walikuwa wamejenga kituo upande wa mashariki wa kisiwa cha Manda, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila vichaka na matumbawe. Mjini watu walisema ni kituo cha kutafuta mafuta. Wengine walisema ni cha kuwasikiliza majirani zetu wa kaskazini. Kweli ni kwamba kilisikiliza vyombo vilivyorushwa angani bila mtu ndani. Vingine vilizunguka dunia vikipima joto na wembamba wa hewa huko juu. Vingine, vichache, vilitumwa mwezini. Chombo cha namna hiyo hakina nahodha. Kina betri, saa, na redio ndogo inayosema kilichoonekana, na huku chini lazima pawe na sikio kubwa la kuisikia. Sikio lenyewe ni dishi, bakuli la vyuma na wavu, pana kuliko ukumbi wa nyumba za Lamu.

Nilifika pale kwa shida. Baba alifariki kwanza, mama akamfuata kabla hatujamaliza mwaka. Niliacha shule darasa la tano. Nyuma yangu walikuwa Mwanaisha, Swaleh na Esha, ambaye hata meno ya mbele alikuwa hajaota upya. Baada ya khitma, ami yangu wa Kiunga alituketisha barazani akasema watoto wagawanywe: Swaleh aende naye Kiunga, Mwanaisha akae kwa shangazi Mokowe, Esha achukuliwe na jirani. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtu wa samaki, mwenye watoto wake saba. Nilimwambia, "Ami, nipe mpaka upepo wa kusi uingie. Nikiwa na kazi ya mshahara, watabaki na mimi."

Akanitazama miguu, kisha uso. "Na siku utakapoikosa kazi?"

"Siku hiyo njoo na mashua."

"Nitakuja," alisema, na nilijua atakuja.

Bwana Mutua hakuniuliza cheti. Alinipa nati iliyoliwa na kutu na tambara lenye mafuta ya taa, akaenda zake. Aliporudi nati ilikuwa inang'aa, na nilikuwa nimeanza ya pili ambayo hakunipa.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwenye mguu wa dishi, Bwana."

"Umelifungua dishi langu?"

"Nimeifunga nyingine mahali pake kwanza."

Akamwita Lali. "Mzee, huyu ni mwizi au ni fundi?"

"Bado mapema," Lali akajibu. "Mpe chai kwanza tuone kama ataiba kikombe."

Hivyo ndivyo nilivyoandikwa kazi.

Mwaka wa kwanza nilikuwa mtu wa kutu. Vijana wanaofanya kazi mijini hawajui chumvi ya Manda. Chuma ukikipaka grisi jioni, asubuhi kimeshaota vumbi jekundu. Kila siku nilipanda ngazi ya dishi na brashi na kopo, nikapangusa gia, yaani magurudumu yenye meno yanayosukumana ili dishi ligeuke. Mwaka wa pili nilipewa jenereta. Mwaka wa tatu Bwana Mutua alinifundisha kusoma namba za pembe. Dishi lilikuwa na namba mbili: moja ya kuzunguka, kutoka kaskazini kwenda mashariki na kuendelea, na moja ya kuinuka, kutoka upeo wa bahari mpaka utosini. Ukizijua namba hizo mbili, unaweza kulielekeza dishi mahali popote mbinguni hata kama macho yako hayaoni kitu. Pembeni mwa dishi palifungwa darubini ya kulengea. Siku za uwazi tulilielekeza dishi kwenye mwezi kwa namba, kisha mtu akachungulia. Mwezi ukikaa katikati ya kioo, namba zetu zilikuwa za kweli.

Kazi hiyo ilikuwa na kushindwa kwingi kuliko kufaulu, na sisi wa chini ndio tulioona kushindwa kwenyewe. Kulikuwa na mashine yenye kalamu na karatasi ndefu. Sauti ya chombo ikifika, kalamu inacheza. Chombo cha kwanza cha mwezini nilichokishuhudia kilichezesha kalamu siku mbili nzima, kisha kalamu ikatulia ikachora mstari mnyoofu kama uzi wa mwashi. Tukadhani ni sisi. Bwana Mutua alifungua kila waya. Mhandisi Mkuu alisikiliza kwa vidude vya masikioni mpaka jua likageuka, akavivua, akavikunja taratibu.

"Kimekufa," alisema. Kiswahili chake alikipata Nairobi, kilikuwa kifupi na cha kueleweka. "Si sisi. Kimekufa huko huko."

"Kimekufa na nini, Bwana?" niliuliza.

"Labda betri. Labda nati moja, Shee. Huko hakuna mtu wa kukaza nati."

Kingine hakikufika hata njiani. Roketi ilikipeleka kombo kikapotea. Kingine kilianguka mwezini bila kutoa picha hata moja. Bwana Odera alikuwa akipika chakula kizuri siku za kungoja chombo, mpaka alipochoka akasema, "Wali wa nazi nimeupikia vyombo vitatu, vyote vimekufa. Cha nne kitakula maharage." Cha nne kilikula maharage, na hicho ndicho ninachotaka kukieleza.

Chombo hicho kilitumwa kupita nyuma ya mwezi na kupiga picha upande tusiouona. Mhandisi Mkuu alitueleza kwa chungwa na taa. Mwezi ukiwa mchanga kwetu, uzi tu magharibi, upande wake wa nyuma ndio uliojaa jua. Kwa hiyo chombo kilipangiwa kufika siku za mwezi mchanga. Siku hizo mwezi huchomoza baada ya jua kidogo na kutua baada ya jua kidogo, kwa hiyo zamu ingekuwa ya mchana kutwa.

Sasa, mwezi huo mchanga ulikuwa mwandamo wa Shawali. Mhandisi Mkuu hakulipuuza hilo. Alikuwa na kalenda iliyopigwa chapa, yenye sikukuu zote kwa wino mwekundu, na Idi ilikuwa kesho yake ya siku ya chombo. Alitukusanya akatuonyesha kwa kidole. "Chombo leo. Idi kesho. Nimepanga vizuri?" Wazee wa Lamu hawafungui kwa wino, wanafungua kwa mwezi ulioonekana na mashahidi wawili waadilifu. Bwana Mutua, aliyekaa kwetu miaka, alinong'ona, "Hawa mwezi wanaungoja kama mtu wanayemdai, Bwana. Usiweke mkataba na kalenda." Mhandisi Mkuu akasema kalenda ni ya serikali.

Katikati ya Ramadhani mota ya kuzungusha dishi iliungua. Chumvi ilikuwa imepita mpaka ndani. Ya kubadilisha ingetoka Ulaya kwa meli. Yakabaki magurudumu ya mkono, mawili, moja la kila namba, na meno ya gia yakiwa wazi kwa sababu kifuniko kilikuwa kimeliwa na kutu. Kulishika dishi kwa mkono kutwa nzima kulihitaji watu wanne wa kupokezana magurudumu na kusoma namba. Tukapangwa: Bwana Mutua, Lali, mimi, na kibarua mmoja wa Lamu aliyekuwa ameongezwa. Mhandisi Mkuu mwenyewe angekaa kwenye mashine.

"Siku hiyo simtaki mgonjwa, simtaki mfiwa," alitwambia. "Asiyekuja siku hiyo, asije tena. Chombo hakina siku ya pili."

Sikumlaumu. Nilikuwa nimeona kalamu ikichora ule mstari mnyoofu.

Jioni ya siku iliyotangulia ilikuwa ishirini na tisa Ramadhani. Wingu lilikuwa limefunika magharibi, juu ya mji wa Lamu na bara ya Mokowe. Bwana Mutua alitaka kuhakikisha namba kwa mara ya mwisho. Tulilielekeza dishi kwa hesabu, nami nikapanda ngazi kuchungulia. Kwanza niliona weupe mtupu. Kisha wingu likapasuka chini kabisa, pembamba kama mlango uliosahauliwa kufungwa, na katikati ya kioo pakawa na mwezi, mwembamba, umelala chali.

"Unaona kitu?" Bwana Mutua aliuliza kutoka chini.

"Namba ni za kweli," nilijibu.

Niliondoa jicho kwenye kioo nikatazama mahali pale pale. Ulikuwapo. Kwa macho yangu matupu niliuona. Nikamwita Lali apande. Alipanda polepole, swaumu ilikuwa imemchosha, nikamwonyesha kwa mkono bila kumpa darubini. Aliufuata kwa macho. Wingu likafunga.

Alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya chini, kisha akanigeukia. "Mjini hawakuona kitu. Wingu liko juu ya vichwa vyao."

"Najua."

"Basi sikiza, mwanangu. Mashahidi ni wawili. Mimi peke yangu sitoshi, na wewe peke yako hutoshi. Mimi ni mtu wa kula peke yangu. Wewe ndiye mwenye watoto. Ukisema, nitasema. Ukinyamaza, mato yangu ni ya mzee, hayakuona kitu."

Hapo ndipo penyewe. Nikinyamaza, mji ungekamilisha thelathini, sote tungekuja kazini kesho, na kalenda ya Mhandisi Mkuu ingekuwa ya kweli. Nikisema, kesho ni Idi, hakuna mtu wa Lamu atakayevuka, na ami yangu angekuja na mashua. Tulifungulia kwa tende mashuani. Tende ya kwanza ilinikaa mdomoni mpaka tukafika katikati ya mlango wa bahari. Nilikuwa nikifikiri hivi: kufunga siku ya Idi ni haramu. Nikinyamaza, mji mzima utafunga haramu, wazee, wajawazito, na Esha aliyefunga siku zake tatu za kujifunza, kwa ajili ya mshahara wangu. Mshahara wenyewe ni wa kuwalisha watoto. Sikuweza kuwalisha kwa haramu hiyo.

Tulimkuta Maalim, imamu wetu, msikitini, watu wamejaa, kila mmoja akisema hakuona. Lali alinisukuma mbele kwa bega.

"Maalim, sisi tumeuona," nilisema.

"Wapi?"

"Manda, juu ya dishi."

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Wameupiga picha hao." Maalim alinyanyua mkono, wakanyamaza.

"Uwene kwa mato yako, au kwa kioo cha Wazungu?"

"Kwa kioo kwanza. Kisha kwa mato yangu. Lali hakutumia kioo kabisa."

"Ulikuwa umelalaje?"

"Chali, pembe zote mbili juu, ya kaskazini imezidi kidogo."

Akamuuliza Lali kando, mbali na mimi. Jibu likawa lile lile. Tukaapa. Nusu saa haikupita, watoto walikuwa wakipiga mbio mitaani wakitangaza Idi, na kwa mara ya kwanza tangu mama afariki nilisikia nyumba yetu ikipigiwa vigelegele.

Mwanaisha alikuwa akipepeta unga. Hakusherehekea. "Na kazi?" aliuliza.

"Kazi iko kwa Mungu."

"Basi Mungu atuandikie na barua ya kumpa ami," alisema, akaendelea kupepeta. Alikuwa na miaka kumi na mbili na ulimi wa mama.

Alfajiri, baada ya sala, nilivuka peke yangu kabla ya sala ya Idi. Nilitaka kumwambia Bwana Mutua mwenyewe, uso kwa uso. Nilimkuta anapaka grisi gia, na Bwana Odera na Konstebo Rotich wamesimama pembeni, wa kwanza bila aproni yake, wa pili bila bunduki yake.

"Sabalkheri, Bwana. Yeo ni Idi," nilisema. Kiamu kilinitoka kwa hofu.

"Najua ni Idi. Jana ulisema namba ni za kweli, ukakaa juu ya ngazi kama mtu aliyesahau njia ya kushuka. Kisha Lali akapanda. Lali hajapanda ngazi ile tangu mwaka juzi." Akafuta mikono. "Nimeshasema na Mhandisi. Odera atashika gurudumu la kuinuka. Konstebo atasoma namba, amezoea kusoma namba za magari. Mimi nitashika la kuzunguka."

"Kutwa nzima, bila wa kukupokea?"

"Nilivyoanza kazi nilisukuma mkokoteni Machakos."

"Nitarudi baada ya sala."

"Utarudi jioni," alisema. "Watoto wana kaka mmoja tu. Idi bila kaka mkubwa ni siku ya kufua nguo. Nenda ukawavalishe."

"Basi Krismasi ni yangu, Bwana. Wewe utakaa, mimi nitashika gurudumu."

Akacheka. "Sawa. Na Krismasi haiandami, Shee. Iko kwenye kalenda ya serikali. Hutakuwa na kisingizio."

Bwana Odera akasema, "Na mimi nani ananilipia?"

"Nitakuletea biriani."

"Biriani ya dada yako au yako?"

"Ya dada."

"Basi deni limekwisha."

Niliwapeleka wadogo zangu uwanjani, nikala nao chakula cha mchana, Esha amevaa gauni lililogeuzwa kutoka kanga ya mama. Alasiri nilivuka na sinia limefunikwa. Kutoka mbali nililiona dishi limeelekea magharibi, juu, linatembea kidogo kidogo kama linavyotakiwa. Lakini nilipokaribia niliona Bwana Mutua anazungusha kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefungwa kwa aproni ya Bwana Odera, na aproni ilikuwa nyekundu mpaka kiwiko.

Konstebo Rotich ndiye aliyenieleza, bila kuacha kusoma namba. Adhuhuri, chombo kikiwa kinatuma picha, kaskazi ilivuma ghafla ikalishika dishi kama tanga. Gurudumu likamponyoka Bwana Mutua. Dishi likianza kwenda lenyewe halisimami mpaka livunje gia, na tungekipoteza chombo moja kwa moja. Bwana Mutua alitia mkono kwenye meno ya gia. Dishi likasimama. Vidole viwili vilibaki pale. Kisha akamwambia Odera alete kitambaa, Konstebo asome namba, na akalirudisha dishi mahali pake kwa mkono mwingine.

Nilimwendea nikashika gurudumu. Hakubishana. Aliketi chini, mgongo kwenye mguu wa dishi, akafunua sinia, akala kwa mkono wa kushoto.

"Usiniangalie mimi," alisema. "Angalia namba. Na mwambie dada yako amezidisha hiliki."

Nililishika mpaka mwezi ukatua.

Picha zilifika. Zilitoka mistari mistari, kama jamvi linavyosukwa, na baada ya siku kadhaa Mhandisi Mkuu alituita tuzione: mashimo juu ya mashimo, nchi ambayo tangu Adamu hakuna aliyekuwa ameitazama kutoka Lamu. Katikati ya picha moja palikuwa na mstari mweusi mnene. Nilijua ni nini kabla hajasema.

"Hapa ni upepo," alisema. Kisha akarekebisha. "Hapa ni mkono wa Mutua."

Akanitazama. "Kazi yako ipo, Shee. Mshukuru yeye. Mimi ningekufukuza." Sijapata bosi mkweli kuliko yule.

Ami yangu, aliyesikia kwamba nimeacha zamu, alikuja na mashua baada ya mfungo mosi, mwezi wa Idi, kwisha. Aliwakuta watoto wote wanakula meza moja, akaacha kapu la kamba wa Kiunga, akaondoka. Hakulizungumza tena lile la kuwagawanya.

Bwana Mutua alipelekwa Mombasa hospitali, kisha kwao, kwa sababu fundi wa vidole vitatu hakuwa na nafasi katika mipango ya wageni. Aliondoka na sanduku la bati asubuhi nikiwa zamu ya jenereta, akanipungia kwa mkono uliofungwa. Nilimpigia kelele, "Krismasi, Bwana." Akajibu kitu, jenereta ikakimeza. Kabla Krismasi haijafika wageni walifungua dishi vipande vipande wakalipeleka pengine. Vyombo vyao vilikuwa vimeshaanza kutua mwezini taratibu, na vilihitaji masikio makubwa zaidi ya lile letu.

Baadaye nilifanya kazi kwenye nyumba ya umeme ya mji, kisha kwenye mashine za gati ya Mokowe, mpaka nilipostaafu. Swaleh akawa mwalimu. Mwanaisha ana wajukuu na ulimi ule ule. Esha alizikwa Lamu, karibu na mama, hakupelekwa kwa jirani yeyote. Wakubwa wa kazi niliopitia walikuwa wengi, wazuri na wa kawaida. Vijana wakiniuliza kazi ni nini, nawaambia ni kupaka grisi kila siku kabla kutu haijaonekana, na kumjua mwenzako anasali siku gani.

Kila Krismasi niliyokuwa kazini nilichukua zamu ya wenzangu wa bara. Walidhani ni ukarimu. Nilikuwa najizoeza. Deni la mtu halilipwi kwa mtu mwingine. Nilikwenda Machakos mara moja kumtafuta. Akina Mutua kule ni wengi kama mchanga wa Shela, na hakuna aliyemjua mwenye vidole vitatu mkono wa kulia. Redio bado inatangaza vyombo: hiki kimefika, hiki kimenyamaza njiani. Kila mara hujiuliza ni nani ameshika gurudumu huko chini, na ni sikukuu ya nani.

Bwana Mutua, kama uko hai, au kama mwanao anasoma haya, mniambie ni Krismasi ipi na mashine gani. Mikono yote miwili ninayo bado, na namba nazisoma vizuri.